Dada wa Whitman: Mabinti wa mchungaji waliodhaniwa wazungu, wakaitikisa Marekani kwa miaka 40

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na mchezo mmoja wa jukwaani uliokuwa ukiwaacha watazamaji wa kizungu nchini Marekani na maswali mengi.

Wasichana wanatokea wakiwa wamepaka nyuso masizi meusi na kuvaa mawigi. Wanaimba, wanacheza, wanashangiliwa. Kisha wanaingia nyuma ya pazia. Wakirudi kufunga shoo, masizi yameoshwa, mawigi yametolewa, nywele zao ndefu za rangi ya dhahabu zimeachiwa mabegani. Ukumbi mzima unaanza kunong'ona: hawa wanawake wa kizungu wanafanya nini pale jukwaani na watu weusi?

Jibu ni kwamba hawakuwa wazungu. Nywele zilikuwa za kupaka rangi, na ngozi yao, ambayo ilikuwa nyeupe kiasi cha kumchanganya yeyote, ilikuwa ya kuzaliwa. Walikuwa Waamerika weusi, watoto wa mtu aliyezaliwa mtumwa.

Waliitwa The Whitman Sisters, yaani dada wa Whitman. Walikuwa wanne: Mabel, Essie, Alberta na Alice. Kwa karibu miaka 40 waliendesha kundi lao wenyewe la muziki, densi na vichekesho, na katika kumbi za watu weusi walikuwa miongoni mwa waliolipwa fedha nyingi kuliko wote. Leo ni wachache wanaowajua.

Baba mchungaji, baba mshairi

Huwezi kuwaelewa mabinti hawa bila kuanza na baba yao, Albery Allson Whitman.

Alizaliwa mwaka 1851 jimboni Kentucky akiwa mtumwa, na wazazi wake wote wawili walifariki akiwa bado mtoto. Baada ya utumwa kukomeshwa alifanya kazi za mikono, akasoma, kisha akawa mchungaji wa Kanisa la African Methodist Episcopal, kanisa kubwa lililoanzishwa na watu weusi wenyewe. Pamoja na uchungaji alikuwa mshairi, tena si wa mashairi mafupi ya kubandika gazetini. Mwaka 1877 alitoa utenzi mrefu wa maelfu ya mistari uitwao Not a Man, and Yet a Man. Shujaa wake ni mtumwa ambaye sehemu kubwa ya damu yake ni ya kizungu, lakini bado anahesabiwa kuwa mali ya mtu.

Baba aliandika habari hiyo kwenye karatasi. Baadaye binti zake wakaiishi.

Wakati huo Marekani, hasa majimbo ya Kusini, ilikuwa na kanuni isiyo na huruma: tone moja tu la damu ya Kiafrika linakufanya uwe mweusi, hata kama ngozi yako ni nyeupe kuliko ya jirani yako mzungu. Na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikahalalisha kutenganisha watu kwa rangi, kwa kisingizio kwamba huduma zitakuwa "tofauti lakini sawa". Behewa la treni ni lako na langu ni langu. Ukumbi wa burudani hivyohivyo: wazungu wanakaa chini mbele, weusi wanapanda ngazi za pembeni kwenda kukaa juu kabisa, karibu na dari.

Mabel alizaliwa mwaka 1880, Essie mwaka 1882, Alberta akafuata mwishoni mwa muongo huohuo. Alice, kitinda mimba, alizaliwa karibu na mwaka 1900. Wakubwa walianza kuimba kanisani. Baba akisafiri kuhubiri, mabinti wanaimba nyimbo za dini na kusaidia kuchangisha fedha. Inasimuliwa pia kwamba ni baba mwenyewe aliyewafundisha hatua zao za kwanza za densi nyumbani, kama mazoezi tu ya viungo.

Mazoezi yakaja kuwa kazi. Baba alifariki mwaka 1901, na kuanzia hapo wasichana walikuwa barabarani, mama yao Caddie akisafiri nao kuwachunga.

Vodevili ni nini hasa?

Kabla ya sinema na redio kushika kasi, Wamarekani walikuwa na burudani yao iliyoitwa vodevili. Unalipa kiingilio kimoja, unakaa, unapata kila kitu: mwimbaji, mchekeshaji, mcheza sarakasi, mbwa waliofunzwa, mwanamazingaombwe, kisha mwimbaji mwingine. Kila mmoja ana dakika zake chache, akimaliza anampisha mwenzake.

Biashara hiyo ilishikwa na matajiri waliomiliki kumbi nyingi kwa pamoja. Msanii akisaini nao anazungushwa mji hadi mji, wiki hadi wiki, kama basi lenye vituo vyake. Ndugu walioimba pamoja walipendwa sana kwenye mfumo huo. Sauti zao zinafanana, wamezoeana tangu utotoni, na meneja anajua hawataachana njiani kirahisi.

Tatizo lilikuwa rangi. Kwenye kumbi kubwa za wazungu, msanii mweusi alipata nafasi finyu, na mara nyingi alilazimika kupaka masizi usoni na kujifanya mjinga ili wazungu wacheke. Yaani mtu ambaye tayari ni mweusi, anapakwa weusi mwingine juu yake.

Dada wa Whitman waliingia kwenye kumbi hizo, zikiwemo za makampuni makubwa ya Keith na Proctor. Weupe wao uliwafungulia milango. Na ule mchezo wa masizi na nywele za dhahabu ulikuwa unauma na kupuliza. Mtazamaji anacheka "weusi" wa bandia, halafu dakika kumi baadaye anashindwa kujua aliyekuwa akimcheka ni nani. Kama rangi inaoshwa kwa maji na kitambaa, basi ule ukuta mzima wa viti vya juu na viti vya chini umesimama juu ya nini?

Walikuwa na mlango wa kutokea, hawakuutumia

Hapa ndipo habari yao inapokuwa nzito.

Kwa sura zile, wangeweza kabisa kujipitisha kuwa wazungu moja kwa moja. Watu wengi weusi wenye ngozi nyeupe walifanya hivyo zama zile: wanahama mji, wanabadilisha jina, wanakata mawasiliano na ndugu, wanaanza maisha upya upande wa pili. Waliofanya hivyo walipata kazi nzuri, nyumba nzuri, usalama. Walichopoteza ni kila mtu waliyemjua.

Akina Whitman walichagua kubaki. Matangazo yao hayakuficha kwamba hili ni kundi la watu weusi. Magazeti ya watu weusi yaliandika habari zao kila mara. Na kadiri miaka ilivyosonga, wakawekeza nguvu zaidi kwa watazamaji weusi.

Si kwamba waliacha kutumia weupe wao pale ulipowasaidia. Ulikuwa mtaji, na walijua hivyo. Lakini waliutumia kwa namna yao. Mwaka 1904 mjini Birmingham, Alabama, moja ya miji migumu kabisa kwa mtu mweusi, waliushawishi uongozi wa ukumbi wa Jefferson uwaruhusu watazamaji weusi kukaa sehemu nzuri za chini, badala ya kurundikwa juu darini. Kwa mji ule na mwaka ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Na ukiangalia safu yao ya mabinti wa kucheza, utaona jambo jingine. Maonyesho mengi ya zama hizo, hata yaliyomilikiwa na weusi, yalitaka wasichana weupe weupe tu. Aliye mweusi tii anaambiwa hana sura ya jukwaa. Akina Whitman, ambao wenyewe walikuwa weupe kuliko wote, walichukua wasichana wa kila rangi, kuanzia weupe hadi weusi kabisa. Jeni LeGon, aliyecheza nao akiwa binti mdogo, aliieleza hali hiyo miaka mingi baadaye kwa shukrani. Yeye mwenyewe alikuwa mweusi, na mwaka 1935 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa mkataba wa muda mrefu na studio kubwa ya Hollywood, MGM.

Kila mmoja na idara yake

Mabel ndiye aliyekuwa bosi. Alianza kama mwimbaji, na sauti alikuwa nayo, lakini baadaye akajitoa mbele ya jukwaa na kubaki ofisini, kama ofisi ni neno sahihi kwa mtu anayeishi ndani ya treni. Alipanga safari, alisaini mikataba, aligombana na wenye kumbi. Alikuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani kumiliki na kuendesha kundi kubwa la burudani.

Essie alikuwa na sauti nzito ya chini na kipaji cha kuchekesha. Igizo lake la mlevi lilikuwa maarufu; binti wa mchungaji anayumba jukwaani, watu wanavunjika mbavu. Mavazi ya kundi nayo yalipita mikononi mwake.

Alberta ndiye aliyewashangaza wengi. Alikata nywele, akavaa suti ya kiume, kofia na bakora, akajiita Bert. Jukwaani alikuwa kijana mtanashati anayetembea kwa maringo na kumwimbia msichana mrembo, na huyo msichana mrembo alikuwa mdogo wake Alice. Wanawake kuigiza wanaume ilikuwa kawaida kwenye vodevili, lakini Bert alihesabiwa kuwa mmoja wa walio bora. Nje ya jukwaa ndiye aliyeshika hesabu za fedha.

Kisha Alice. Mama alipofariki mwaka 1909, dada zake walimchukua wakawa naye barabarani. Akakua na kuwa mchezaji hatari wa densi ya tap, ile ya viatu vyenye vyuma chini ambapo miguu yenyewe ndiyo ngoma. Alipewa jina la Malkia wa Tap. Wakati wanaume walitamba kwa nguvu na kuruka juu, Alice alisifika kwa mdundo safi, kila kigongo kinasikika peke yake.

Alice alimzaa Albert, aliyeitwa Pops. Mtoto huyo alipandishwa jukwaani akiwa bado mdogo sana, ndani ya suti ndogo ya kiume, na kufikia ujana wake alikuwa akicheza densi na kupiga sarakasi kwa pamoja. Baadaye alitamba na mwenzake Louis Williams kama Pops na Louie.

Shule juu ya magurudumu

Miaka ya 1920 kundi lilikuwa na watu kati ya 20 na 30: mabinti wa kucheza kwa mstari, wachekeshaji, waimbaji, watoto wenye vipaji na bendi ndogo ya jazi. Kulikuwa na mwanamke mfupi sana aliyejulikana kama Princess Wee Wee, aliyecheza na kijana mrefu Willie Bryant akimzunguka. Shoo ilikwenda kwa kasi, bila kumpa mtu nafasi ya kupiga miayo.

Watoto walikuwa wengi, na hapo Mabel alikuwa mkali kwelikweli. Wazazi walimkabidhi watoto wao kwa sababu walijua sifa yake. Masomo lazima. Ibada lazima. Wasichana hawatoki bila mtu mzima wa kuwachunga, na vijana wa kiume wana behewa lao. Jina la mchungaji Whitman lilikuwa bado linafanya kazi, miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa mzazi mweusi wa zama hizo, ambaye alisikia kila siku kwamba jukwaa ni mahali pa kuharibikia binti, hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana.

Waliopita mikononi mwao ni wengi. Leonard Reed alikuwa mmoja. Naye alikuwa mweupe wa kudhaniwa mzungu, na kuna nyakati alijipitisha hivyo ili apate kazi. Ndani ya kundi hili alikutana na Willie Bryant, na karibu mwaka 1927 wawili hao wakatunga densi rahisi ya kufungia shoo, waliyoiita Goofus. Ikafika Harlem, New York, ikabadilishwa jina na kuitwa Shim Sham. Wanahistoria wa densi wanalitaja kundi la Whitman kuwa moja ya sehemu muhimu kabisa zilizozalisha wacheza densi weusi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Vita ya mkwanja

Mwaka 1920 kulianzishwa chama cha wenye kumbi waliokuwa wakiajiri wasanii weusi kwa ajili ya watazamaji weusi. Kilijulikana kwa herufi TOBA. Kumbi zake nyingi zilikuwa Kusini na katikati ya nchi. Bessie Smith, Ma Rainey na Ethel Waters wote walipita humo.

TOBA iliwapa wasanii weusi kazi ya uhakika. Lakini malipo yalikuwa madogo, vyumba vya kubadilishia nguo vichafu, na nauli ya kutoka mji mmoja hadi mwingine ilitoka mfukoni kwa msanii mwenyewe. Wasanii wakazigeuza zile herufi nne kuwa kejeli, kwamba kirefu chake ni chama kigumu kwa wasanii weusi. Kulikuwa na tafsiri nyingine chafu zaidi, tuiache.

Akina Whitman walikuwa mastaa wakubwa wa mtandao huo, na Mabel alijua thamani hiyo hadi senti ya mwisho. Kundi lilikuwa lake, mabango yalikuwa yake, na watu walikuwa wakipanga foleni kwa jina la Whitman, si kwa jina la ukumbi. Kwa hiyo mazungumzo ya fedha hayakuwa ya kuomba. Mwenye ukumbi anayeleta ujanja kwenye mgawanyo wa mapato alijikuta anabishana na mwanamke aliyekuwa kwenye biashara hiyo kabla TOBA haijazaliwa.

Hebu piga picha: mwanamke mweusi, miaka ya 1920, Kusini mwa Marekani, anakaa mezani na wanaume wenye kumbi na kupanga bei yake. Nje ya ukumbi huohuo sheria inamkataza kunywa maji kwenye bomba la wazungu.

Filamu yaja, redio yaja

Mwaka 1927 ilitoka The Jazz Singer, filamu iliyofungua zama za sinema zenye sauti. Miaka miwili baadaye uchumi wa Marekani ukaanguka. Mwenye ukumbi akapiga hesabu: kulisha kundi la watu 30, au kukodi mkanda mmoja wa filamu? Mwaka 1932 hata Palace ya New York, ukumbi ambao kila msanii wa vodevili aliota kusimama ndani yake, uligeuzwa kuwa wa sinema. TOBA nayo ilikuwa imeshasambaratika.

Akina Whitman walidumu kuliko wengi. Walipunguza watu, wakaendelea kuzunguka miji midogo na kumbi zilizobaki, wakafika hadi ndani ya miaka ya 1940. Mabel alifariki mwaka 1942. Bila yeye, kundi halikuendelea kwa muda mrefu.

Essie alikuwa ameshaacha jukwaa kabla ya hapo na kurudi kanisani, safari hii akihubiri. Pops alifariki mwaka 1950 akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Essie alifariki mwaka 1963, Alberta mwaka uliofuata.

Kwa nini wamesahaulika?

Sababu moja ni rahisi: karibu hakuna cha kusikiliza. Bessie Smith aliacha santuri. Waliokuja baadaye waliacha filamu. Dada wa Whitman walifanya karibu kazi yao yote mbele ya watu walio hai, usiku baada ya usiku. Ukiingia YouTube leo kutafuta sauti ya Mabel, huipati. Kilichobaki zaidi ni picha chache, matangazo, habari za magazeti ya watu weusi, na kumbukumbu za waliocheza nao.

Sababu ya pili ni kwamba walicheza zaidi mbele ya watu weusi, na waandishi wa vitabu vya historia ya burudani kwa miaka mingi walikuwa wameketi kwenye kumbi nyingine. Miaka ya 1960 watafiti wa densi ya jazi, Marshall na Jean Stearns, waliwatafuta wazee waliobaki na kuandika masimulizi yao. Kitabu kizima kuhusu dada hawa kilikuja mwaka 2000, kikaandikwa na Nadine George-Graves, na jina lake linawaita wafalme wa vodevili ya weusi.

Shim Sham, ile densi ya kufungia shoo ya Leonard Reed na Willie Bryant, bado ipo. Inafundishwa kwenye madarasa ya tap kote duniani, na ni desturi wacheza tap wakikutana mwisho wa onyesho kupanga mstari, wageni na wenyeji, kuicheza pamoja.